Kilichozikwa Chini ya Hema



Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida. Kama uko kwenye matatu, uhifadhi uusome ukifika nyumbani. Kama Biblia iko karibu, fungua Yoshua sura ya 7 na uiache wazi. Nitaanza hapo, kisha nitakuja kwangu mwenyewe.

Israeli wametoka kuishinda Yeriko. Ukuta umeanguka na watu bado wana furaha. Wanafika Ai, mji mdogo ambao hawakuona haja ya kuupelekea jeshi lote, na wanapigwa vibaya. Watu wapatao 36 wanauawa. Yoshua anararua mavazi yake, anaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, yeye na wazee wote. Wanaomba. Halafu Mungu anamwambia ainuke.

Nimehubiri kifungu hiki mara nyingi, lakini hapo nilikuwa napita mbio. Kuna wakati Mungu mwenyewe anasimamisha maombi, kwa sababu shida haiko mbinguni. Iko ardhini. Mtu mmoja aitwaye Akani alikuwa amechukua vazi zuri, fedha na dhahabu, akachimba shimo katikati ya hema lake, akavifukia. Maisha yakaendelea. Watu wakala na kulala juu ya udongo ule. Kwa nje, hema la Akani lilifanana na mahema mengine yote ya Israeli.

Wapendwa, mimi pasta wenu nilikuwa na shimo chini ya hema.

Mnakumbuka ushuhuda nilioutoa Oktoba mwaka jana. Ploti yetu hapa Ruiru tuliipata kwa bei nafuu kwa sababu upande wa nyuma kulikuwa na timbo la zamani, shimo lililoachwa na wachimba mawe, kama yale mengi tunayoyaona kati ya Ruiru, Juja na Thika. Kamati ya ujenzi ilipiga hesabu ya kulijaza, tukaona ni lori kwa lori, pesa ambazo hatukuwa nazo. Tukafunga siku 3. Wiki iliyofuata akaja mtu mwenye malori, akasema ana udongo wa bure kutoka mahali wanapojenga, anatafuta tu pa kuumwaga. Jumapili nilisimama madhabahuni nikawaambia Mungu amejaza shimo letu bila shilingi moja. Mkapiga makofi. Wengine mkalia. Mama mmoja akaanzisha wimbo na ibada ikachelewa kuisha.

Sikuwaambia yote, kwa sababu wakati ule sikujua yote. Lakini malori hayakuishia Jumapili ile. Yaliendelea kuja, na taratibu yakaanza kuja usiku. Usiku mmoja soja wetu alinipigia simu kama saa 4. Akasema, "Pasta, hii mchanga iko na vitu." Nikaenda na tochi. Juu ya rundo jipya niliona mfuko wa plastiki wa manjano umepasuka. Niliona mirija ya dripu, glavu, vichupa vidogo vya dawa vinameta kwenye mwanga. Dereva akaniambia, bila hata kuzima injini, "Ni takataka kidogo tu za kliniki, pasta. Tutafunika."

Nikasema, "Funika basi."

Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani usiku mwingi tangu siku hiyo. Sikuuliza kliniki gani. Sikuuliza kwa nini usiku. Nilijua nikiuliza, malori yatasimama, na shimo lilikuwa limebaki robo tu. Tena nilishatoa ushuhuda. Ukishasema mbele ya watu kwamba jambo ni muujiza, ni vigumu sana kurudi kulitazama vizuri.

Wakafunika. Tukashindilia. Kamba ya msingi ikavutwa.

Nyuma ya ploti, kando ya lile timbo, kuna ukanda mwembamba ambao kanisa lilimpa mama mmoja mjane alime sukuma wiki. Amenipa ruhusa niandike habari hizi, ila jina lake sitaliandika. Mboga zake wengi wenu mmezila. Alikuwa akiziuza langoni baada ya ibada, na zikibaki anawapa wenye shida bila kuchukua hela.

Mnaujua udongo wetu mweusi. Jua la Januari na Februari likiupiga, unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono mzima. Mvua ya masika ikija, unavimba na kuteleza. Udongo wa namna hiyo haukai kimya. Ukiuzikia kitu karibu na uso wa ardhi, unakifanyia kazi mwaka mzima kwa kupasuka na kuvimba, mpaka siku moja unakitoa nje. Mwezi wa 3, mvua zilipoanza, huyu mama alikuwa akipanda miche kwa mkono. Akahisi kitu kimemchoma kidole. Akadhani ni mwiba. Alipouvuta akaona ni sindano.

Aliosha kidole kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa. Hakumwambia mtu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya 5 ilikuwa Jumapili, na baada ya ibada akamvuta kando dada yetu muuguzi anayefanya kazi Thika, akamwonyesha kidole na ile sindano aliyokuwa ameificha kwenye kopo la majani ya chai.

Dada yetu alikuja kwangu akiwa analia. Alinieleza kitu ambacho kila mmoja wenu anapaswa kukijua. Mtu akichomwa na sindano iliyotumika, kuna dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, lakini ni lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Humezwa kila siku kwa siku 28. Baada ya saa 72 zimechelewa. Mama wetu alikuwa amepitisha saa hizo akiwa nyumbani, peke yake, na kitambaa kidoleni.

Nilikwenda kwake jioni ile ile. Alinikaribisha chai kama siku zote. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukusema siku ya kwanza?" Akanitazama kwa muda. Akasema, "Pasta, ulisema madhabahuni kwamba ule udongo ni baraka. Mimi ningesemaje una sindano?"

Wapendwa, nimeombewa, nimewekewa mikono, nimetabiriwa mambo mengi tangu niokoke. Hakuna neno lililonichoma kama hilo. Ushuhuda wangu ndio uliomfunga mdomo. Aliogopa kulivunjia kanisa heshima kuliko alivyoogopa kufa.

Alipimwa wiki ile. Akapimwa tena baada ya wiki 6, na tena baada ya miezi 3. Vipimo vyote mpaka sasa ni safi, na namshukuru Mungu. Kimebaki kipimo cha miezi 6, mwezi wa 9, hasa kwa ajili ya homa ya ini. Tunangoja. Ila kikija safi pia, sitakitoa kama ushuhuda wangu. Ni wake. Mimi nina toba tu.

Baada ya siku ile nilimwomba dada muuguzi anifundishe. Nilikuwa mwanafunzi, yeye mwalimu. Nataka nanyi mjue alichonifundisha, kwa maana Hosea analia katika sura ya 4 juu ya watu wanaoangamia kwa kukosa maarifa.

Taka nyingi za hospitali si hatari. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 85 ni taka za kawaida kama za nyumbani: karatasi, maganda, mabaki ya chakula. Asilimia 15 ndiyo yenye hatari: sindano, nyembe, pamba na bandeji zenye damu, sehemu za mwili, dawa zilizoharibika, kemikali za maabara. Kazi yote ni kuzitenganisha palepale zinapozaliwa, kando ya kitanda cha mgonjwa. Mfuko mweusi ni wa taka za kawaida. Wa manjano ni wa zenye maambukizi. Mwekundu ni wa zile zenye maambukizi makali zaidi. Sindano na vitu vyenye ncha huingia kwenye kisanduku kigumu kisichotoboka. Ukichanganya, ule wachache wenye hatari unaambukiza wingi wote, na sasa una lori zima la sumu badala ya ndoo moja.

Usiku ule tochi yangu iliangukia mfuko wa manjano. Kwa hiyo kulikuwa na muuguzi mahali fulani aliyefanya kazi yake vizuri, akatenga kama alivyofundishwa. Baada yake wakaja watu wa kulipwa pesa za kwenda kuharibu taka hizo kwa njia halali, nao wakaona ni nafuu kumtafuta pasta mwenye shimo.

Nilimuuliza dada yetu, "Si vijidudu hufa vikifukiwa?" Akasema vingi hufa, si vyote na si mara moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda usiopungua siku 7. Lakini tatizo la udongo ni pana kuliko vijidudu. Sindano haiozi. Kipimajoto cha kioo cha zamani kikivunjika kinaacha zebaki. Dawa za kuua bakteria zikimwagika ardhini, zinawafundisha bakteria wa mle kuzizoea, na siku moja wewe au mtoto wako mtapewa dawa ile ile na haitafanya kazi. Na wale wanaosema, "Tuchome tu moto," plastiki za hospitali zikichomwa kwenye shimo la wazi, kwa moto mdogo wa kuni na mafuta taa, zinatoa sumu zinazoitwa dioksini. Sumu hizo zinashuka na majivu, zinakaa kwenye udongo miaka mingi, kuku anadonoa, na zinaishia kwenye yai.

Si hadithi. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa kienyeji waliofugwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalipimwa na kukutwa na dioksini kupita mara kadhaa kiwango kinachoruhusiwa Ulaya. Dandora imepokea taka za kila aina tangu miaka ya 1970, za hospitali zikiwemo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti baada ya kuwapima watoto 328 wa maeneo yale. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kupita kiwango kilichohesabiwa kuwa cha hatari. Watoto hawakula risasi kwa kijiko. Walicheza kwenye udongo.

Tena tusijidanganye kwamba kilichozikwa Ruiru kitabaki Ruiru. Mto Ruiru unakwenda kuingia katika maji ya Athi. Chania na Thika inakutana pale Thika na kwenda kuingia Tana. Athi unafika baharini karibu na Malindi, nao Tana unafika Kipini. Kati ya miji yetu miwili kuna mwendo mfupi wa gari, lakini tunachokimwaga hapa kinaweza kushika njia za mito miwili mikubwa ya nchi hii. Kuna mama anachota maji Garissa ambaye hajui jina la kanisa letu.

Nikarudi kwenye Neno nikiwa na macho mengine. Nikakutana na sheria moja katika Kutoka 21, aya ya 33 na 34, ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Mtu akichimba shimo au akiacha shimo wazi, ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Torati haimuulizi kama alikusudia. Haimuulizi kama alikuwa ameomba asubuhi hiyo. Shimo ni lako, gharama ni yako. Na kama ni hivyo kwa punda, je, kwa mjane?

Mtu aliniambia, "Pasta, lakini wewe ulifunika." Ndiyo, nilifunika, na hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Kuna kufunika kwa kulinda na kuna kufunika kwa kuficha. Kumbukumbu la Torati 23 inawaagiza watu wa Mungu wawe na kitu cha kuchimbia, watoke nje ya kambi, wafukie uchafu wao, kwa sababu Bwana anatembea katikati ya kambi. Huko ndiko kufunika kwa kulinda: uchafu wako mwenyewe, nje ya makazi, kwa heshima ya Mungu na jirani. Akani naye alifunika. Alifunika ndani ya kambi, gizani, ili asiulizwe.

Sasa niwaambie tulichofanya, kwa sababu mna haki ya kujua sadaka yenu imekwenda wapi.

Niliwaita wazee nikaungama mbele yao kabla ya kuungama mbele yenu. Tukamwita afisa wa afya ya umma, na tukapeleka taarifa kwa NEMA. Wapo waliosema tungenyamaza, tumwage zege, tujenge juu, nani atajua? Niliwajibu kwamba hilo ndilo hema la Akani hasa, tofauti ni kwamba letu lingekuwa na mabati na spika. Upande wa nyuma umezungushiwa uzio. Watoto wa shule ya Jumapili wamehamishiwa mbele. Sampuli za udongo zimechukuliwa, na mpaka majibu yatoke hakuna mboga italiwa kutoka ukanda ule. Huyu mama tunamlipa kila wiki kiasi alichokuwa akipata kwa sukuma wiki zake, na kanisa limempatia sehemu nyingine ya kulima.

Kufukua tumewaachia wenye kibali na vifaa. Vijana, nawashukuru kwa kujitolea, lakini ule udongo si wa jembe na mikono mitupu. Siku walipoanza nilisimama nje ya uzio nikatazama. Walikuwa na mabuti, glavu nene na barakoa. Mfuko mmoja ulipoinuliwa ulikuwa na vichupa vya maabara vyenye vibandiko, na kwenye vibandiko kulikuwa na majina ya watu. Mmoja wa wafanyakazi alinionyesha kibandiko cha mtoto wa miaka 3. Sikukisoma kwa sauti. Lakini nilielewa kwamba ule haukuwa "udongo wenye vitu". Ilikuwa damu ya watu walioumwa, waliokwenda kutafuta uponyaji, na sisi tulitaka kusifu na kuabudu juu yake. Mwanzo 4 inasema damu ya Habili ilimlilia Mungu kutoka ardhini. Ardhi ina mdomo, wapendwa.

Pesa za kazi hiyo zimetoka kwenye mfuko wa spika mpya na wa jengo. Hazijatosha. Jengo litachelewa, pengine miaka 2. Sitawaambia Mungu atashusha pesa Jumatatu. Mara ya mwisho nilipowaambia shimo limejazwa bure, mwingine alikuja kulilipia kwa kidole chake.

Kliniki iliyohusika na mwenye malori siwataji hapa. Jambo liko mikononi mwa wanaopaswa kulichunguza, na ukurasa wa mtandao si mahakama. Ninaomba asiandike mtu jina lolote kwenye maoni.

Labda unasema haya mambo ya udongo hayana mwisho mzuri, mwenye nguvu hushinda. Kumbuka Owino Uhuru, Mombasa. Sumu ya kule haikuwa ya hospitali, ilikuwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, lakini somo ni lile lile. Mwanamke mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe aliyekuwa ananyonya ana risasi kwenye damu. Angeweza kunyamaza. Alisema, akasumbuliwa, akakamatwa, akaendelea kusema. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukapingwa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Ni safari ndefu, na wengine hawakuishi kuiona. Lakini ilianza na mtu wa ndani aliyekataa kufunika.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Hiyo ni haki ya mama wa sukuma wiki sawa na ya mwenye hospitali.

Nizungumze na nyinyi mmoja mmoja sasa.

Wewe mwenye kliniki, chemist au maabara, na najua mko wengi katika ushirika huu, kutoka Kimbo mpaka Makongeni. Usiku wa leo jiulize: taka zangu za wiki hii ziko wapi? Usiseme, "Nililipa mtu." Kwa mujibu wa kanuni za taka, anayebeba taka lazima awe na leseni, na mzigo wenye hatari unatembea na karatasi yake inayoonyesha umetoka wapi na umefika wapi. Kama huyo mtu wako hana leseni na hakurudishii karatasi, taka zako ziko kwenye shamba la mtu.

Wewe dereva. Najua mkubwa wako ndiye anayekutuma, na najua una watoto wa kulisha. Lakini sindano ile haikuanguka kutoka mbinguni. Ukiambiwa mzigo huu uende usiku, umeshajibiwa swali lako.

Wewe mwenye ploti unayetafuta udongo wa kujaza. Simama hapo lori linapomwaga. Mchana. Tazama kwa macho yako. Cha bure kina mwenyewe, na kuna siku atakuja kukidai.

Wewe mama au baba unayejidunga insulini nyumbani. Usitupe sindano kwenye pipa wala chooni. Tafuta chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, zitie humo, ikijaa peleka hospitali unakochukulia dawa. Kule Kang'oki, Thika, kuna watu wanaojitafutia riziki kwa kuchambua taka zetu kwa mikono. Mikono ile ina watoto nyumbani.

Na wewe ambaye umeshachomwa na kitu usichokijua, kwenye shamba, kwenye jaa, popote. Usifunge kitambaa ukanyamaza. Osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, usikikamue kidole, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje Jumapili. Usimwogopee pasta aibu. Kama pasta wako alisema ni baraka na wewe umeona sindano, amini macho yako, kisha uje umwambie.

Nimalizie na Yeriko, ule ule mji tulioanza nao. Miaka mingi baada ya Yoshua, katika 2 Wafalme 2, watu wa mji ule wanamwendea Elisha. Wanamwambia mahali pa mji ni pazuri, ila maji ni mabaya na nchi inazaa mapooza. Elisha anaitisha chombo kipya, anatiwa chumvi ndani yake. Halafu angalia anakokwenda. Haendi kwenye mitungi ya watu nyumbani. Anakwenda mpaka chemchemi, pale maji yanapotokea, na kuitia chumvi pale. Uponyaji wa nchi ulianzia kwenye chanzo. Chanzo chetu ni chumba cha sindano kilicho na visanduku vya kutosha, ni hesabu ya mwenye kliniki, ni lori linalotembea mchana, ni pasta anayeuliza maswali akiwa na tochi mkononi.

Na chombo kilikuwa kipya. Mungu anisamehe, chombo changu kilikuwa na majivuno. Nilitaka muujiza wenye picha nzuri kuliko nilivyotaka ukweli.

Tuombe.

Baba, umetuumba kwa mavumbi na kwa mavumbi tutarudi. Tusamehe kwa tulichokitia ndani ya mavumbi hayo. Nisamehe mimi kwa maneno yangu mawili ya usiku ule. Mlinde mama yetu, mwili wake na moyo wake, mpaka mwezi wa 9 na baada ya hapo. Mkumbuke mtoto ambaye jina lake nililiona na sikulitamka. Wape wauguzi wetu nguvu ya kuendelea kutenga kwa uaminifu hata wanapojua wengine watachanganya. Fichua kila kilichofukiwa gizani kati ya Ruiru na Thika, hata kama kiko chini ya kanisa, hata kama kitatugharimu jengo. Katika jina la Yesu. Amina.

Leo usiandike "Amina" kisha upite. Kama kuna mahali unajua malori yanamwaga usiku, njoo uniambie ana kwa ana, au mwambie afisa wa afya wa mtaa wako. Jumapili tunaabudu kama kawaida, nusu ya mbele ya ploti. Tutabanana kidogo. Mje na viatu vya kufunika vidole.

Mbarikiwe.